Mshahara wa Dada Uko Wapi?

Tumefika mwisho wa mwezi, na nadhani katika nyumba nyingi jana usiku kulikuwa na mtu kainamia karatasi, au simu, anapiga hesabu: kodi ya nyumba, ada, luku, marejesho ya mkopo, mchango wa harusi ya binamu, kikoba. Chini kabisa, baada ya kikoba, kaandikwa dada. Hesabu ikikataa, na siku hizi hukataa, kalamu inaanza kukata huko huko chini. Dada atasubiri. Anakula hapa, analala hapa, ana haraka gani?

Huyo dada ndiye mazungumzo yetu ya leo. Namsema yule anayebaki na mtoto. Anayejua kuwa mdogo hali uji mpaka upoe, kwamba akilia kwa sauti ya chini ni usingizi na akilia kwa kujikunja ni tumbo. Mama mtu ameyajua hayo kwa kuambiwa na dada jioni, akiwa anavua viatu.

Sitaki kuanza na wale wanaowapiga watoto wa watu mikanda na kuwachoma kwa pasi. Hao ni kazi ya polisi, na sidhani kuna msikilizaji wangu atakayepiga simu kuwatetea. Nataka kusema na watu wema. Wale ambao dada wao anakula chakula kile kile, anakaa kochi lile lile kuangalia tamthilia, Idi ikija anashonewa na yeye. Watu hao wakikwambia "tunaishi naye kama mtoto wetu," wanasema kweli. Ila ukiwauliza, haya, na mshahara wake wa miezi sita uko wapi? Wanakujibu bila kupepesa macho: "Nimemwekea."

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Kuna mengi ya kusema juu ya wafanyakazi wa ndani na nitayagusa, lakini naamini wizi mkubwa unaofanyika katika nyumba za watu wasio wezi unafanyika ndani ya kitendo hicho cha kuwekeana.

Kila anayeweka ana sababu, na ukizisikia utazikubali. Binti mdogo, akipewa hela atazimalizia kwenye wigi na bando. Ataanza mambo na vijana wa bodaboda pale kijiweni. Hana akaunti. Hana kitambulisho. Mwenyewe ndiye aliyeomba, kasema "mama niwekee, nataka nikirudi nyumbani nikamjengee mama yangu." Na wengine ndivyo walivyoomba kweli, sikatai.

Sasa nikuulize wewe uliyemwekea. Umemwekea wapi? Kuna bahasha? Kuna akaunti yenye jina lake? Kuna hata daftari? Katika nyumba nyingi hakuna. Pesa hiyo haipo mahali popote isipokuwa kwenye kumbukumbu ya bosi. Iliingia na mshahara wa bosi, ikatoka na matumizi ya bosi. Imeshalipa ada ya muhula wa pili. Imeshanunua tairi. Ukitaka kusema jambo hili kwa jina lake, mtu mwenye kipato cha chini kuliko wote katika nyumba ile amewakopesha wenye nyumba, bila riba, bila karatasi, na bila kuulizwa.

Na mama huyu huyu ni mwanachama wa kikoba. Jumamosi anakwenda, anakaa kwenye duara, anahesabu hisa zake mbele ya watu, zinagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Siku mweka hazina akisema "jamani, sanduku sikuja nalo, lakini niaminini, nimewawekea," duara lile litageuka uwanja wa vita. Watu wanajua vizuri sana namna ya kutunza pesa ya mwenzao. Wanaijua hata kwa hisa ya elfu mbili.

Nitoe mfano. Nimeuchanganya kutoka katika visa vingi nilivyosikia, ili asitokee mtu Tabata au Mbezi akajiona yeye. Binti ametoka kijijini Singida, ana miaka kumi na tisa. Kashuka stendi ya Magufuli na begi moja. Wamekubaliana 60,000 kwa mwezi, "nitakuwekea." Miezi kumi imepita. Simu inakuja kutoka nyumbani, bibi aliyemlea ni mgonjwa. Dada anaomba kuondoka, na anaomba chake. Laki sita.

Hapo ndipo daftari linapozaliwa. Nauli uliyojia, niliitoa mimi. Aliyekuleta nilimpa 30,000. Uliugua malaria mwezi wa tatu, nikakupeleka zahanati. Ulivunja chupa ya chai. Ulivunja na vikombe viwili. Ile simu ndogo. Lile gauni la Krismasi, ambalo wakati linatolewa lilikuwa zawadi, na dada alipiga magoti kushukuru. Mwisho wa hesabu dada anapewa 140,000 na kusindikizwa stendi, na bosi anabaki na uchungu wa kweli kabisa moyoni kwamba hawa mabinti hawana shukrani.

Katika hadithi hiyo sioni tapeli. Naona mtu ambaye hakuwa na laki sita siku ile, kwa sababu hakuna Mtanzania wa kipato cha kawaida anayeamka asubuhi ana laki sita za ghafla. Angekuwa nazo 60,000 kila mwezi. Alizikosa zote kwa pamoja, akatafuta njia ya kuzipunguza, na chupa ya chai ilikuwa karibu.

Sheria yetu ililiona hili zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inatumika Tanzania Bara, haikumwacha nje mfanyakazi wa ndani. Inasema mshahara unalipwa kwa pesa, siku ya malipo iliyokubaliwa, kazini kwake, na ukilipwa taslimu unawekwa katika bahasha iliyofungwa pamoja na karatasi ya maelezo yake. Ukipelekwa benki, unapelekwa kwenye akaunti aliyoitaja mfanyakazi mwenyewe. Aliyoitaja yeye, siyo ya shemeji yako.

Na vikombe? Sheria inakuruhusu kukata kwa kitu kilichoharibiwa, lakini si kwa kukumbuka siku ya kuagana. Lazima iwe ni kosa lake, akiwa kazini. Umwandikie sababu, kiasi, na namna ulivyokipata kiasi hicho. Umpe nafasi ya kubisha. Usidai zaidi ya gharama halisi ya kitu. Na hata yakitimia yote hayo, makato yote kwa jumla yasizidi robo ya mshahara. Katika mshahara wa 60,000, robo ni 15,000. Mzazi anayejua mtoto wake mwenyewe amevunja chupa ngapi mwaka huu, ataamua kama inafaa kuandika barua kwa ajili ya chupa.

Nauli ya kumleta na hela ya aliyemleta, hizo ni gharama zako wewe uliyekuwa na shida ya mtu. Hakuna kampuni inayomtangazia nafasi mhasibu halafu inamkata mhasibu gharama ya tangazo.

Kuna jambo la laini za simu, na hili si la watu wabaya, ni la mfumo. Tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, binti anayefika mjini bila kitambulisho anatumia laini ya mtu mwingine: ya bosi, ya shangazi, ya huyo aliyemleta. Basi hata akilipwa kwa simu, pesa inaingia mfukoni mwa mwenye laini, na dada anasubiri kusikia. Kama dada wako ametimiza miaka 18 na hana namba ya NIDA, mpe siku moja akaifuatilie. Ni siku ya kazi, ndiyo, na mtoto utakaa naye wewe. Lakini kuanzia hapo atakuwa na laini yake, na pesa ikiingia simu italia mfukoni mwake yeye.

Wazazi nao wamo. Baba anapiga kutoka kijijini: "Mshahara wa binti nitumie mimi, huyo bado ni mtoto." Bosi anatuma, roho yake nyeupe, na dada anafanya kazi mwaka mzima hajashika noti ya elfu kumi iliyo yake. Ushauri wangu ni mwepisi, na baba huyo anisamehe. Mpe binti mkononi. Kama anataka kumtumia baba, na wengi wanataka, kwa sababu wana wadogo zao wanaosoma, atatuma mwenyewe. Akimtumia elfu arobaini akabaki na ishirini, baba atajua amepokea kutoka kwa binti yake.

Sasa kiasi. Nimekuwa nikitaja 60,000 na huenda kuna mtu amekuna kichwa. Namba hiyo sikuiokota. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani kwa madaraja. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 250,000. Wa ofisa anayestahili kuwekewa mtumishi, 200,000. Kwa sisi wengine, anayefanya kazi na kurudi kulala kwake, 120,000. Anayelala kwa bosi, 60,000. Kabla ya hapo, kwa amri ya 2013, huyu wa mwisho alikuwa na 40,000, na alikaa na hiyo 40,000 karibu miaka kumi. Mwaka 2025 ilitangazwa amri nyingine ya mishahara ya sekta binafsi, ya kuanza Januari 2026, kwa hiyo usijifiche nyuma ya namba zangu. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa wako uulize kima cha leo. Mimi nitapigia hesabu 60,000 kwa sababu ndiyo wengi bado wanaizunguka, na wengine hawajaifikia.

Chukua karatasi, kama unayo karibu. Sheria ile ile ya Ajira inasema wiki ya kazi ni saa 45, siku zisizidi 6, na kwa siku saa zisizidi 9. Kwa mwezi ni saa kama 195. Gawa 60,000 kwa 195, unapata Sh 308 kwa saa.

Twende kwa dada wetu. Bosi anatoka Chanika au Kibaha, lazima awe barabarani kabla jua halijatoka, basi dada ameamka saa 11 alfajiri. Bosi anarudi saa 2 usiku kama foleni imemhurumia. Tumuonee huruma bosi, tuseme dada anaachia kazi hapo hapo saa 2, mtoto anapokelewa na mamaye. Hizo ni saa 15. Kwa siku 26, saa 390. Mara mbili ya zile za sheria. Kwa hiyo kwa kila saa dada anapata Sh 154. Haifiki hata sarafu ya mia mbili.

Na kama ungelipa zile saa 195 za ziada kwa kiwango cha sheria, yaani mara moja na nusu, ungemwongezea 90,000. Jumla 150,000. Ndiyo kusema hata kwa kima cha chini kabisa, kile cha 2023, kazi tunayoifanyisha ni ya laki moja na nusu. Nasema hivyo kwa hesabu tu, kwa sababu sheria yenyewe haikubali saa za ziada zipite 50 katika wiki nne. Hizo 195 hazina mlango wa kupitia.

Najua mtakachosema. Mchana mtoto akilala, dada naye hulala. Anaangalia tamthilia. Sawa. Jaribu kumwambia atoke wakati huo, aende Kariakoo kununua viatu, mtoto abaki kalala peke yake. Kama hawezi kutoka, yuko kazini.

Lakini nisiwe mtu wa kupiga hesabu za wenzangu na kuondoka. Tumtazame na huyu mama anayelipa. Mara nyingi ni mwalimu, muuguzi, karani, mwenye duka la vipodozi. Sheria ilimpa siku 84 za likizo ya uzazi, mia moja kama alijifungua pacha. Mtoto ana miezi mitatu kasoro, shingo ndiyo kwanza imekaza, mama anatakiwa ofisini. Vituo vya kulelea watoto wachanga mitaani ni vya kuhesabu, na vilivyopo vinafungwa saa ambayo yeye bado yuko kwenye daladala. Mama yake mzazi yuko mbali, au naye bado anahangaika na maisha. Asipopata dada, anaacha kazi. Huyu mama hana pesa ya kuchezea. Ninapomwambia laki moja na nusu, namwambia jambo zito.

Ila kuna mtu nimemkosa kwenye hesabu hii, nanyi mmemkosa. Baba yuko wapi? Sheria ilimpa yeye siku tatu mtoto alipozaliwa, akarudi kazini, na inaelekea hakurudi tena kwenye habari hii. Katika nyumba nyingi za mjini mshahara wa dada ni wa mama. Baba analipa kodi, luku, ada labda, dada ni "mambo yako na mtu wako." Matokeo yake mshahara wa dada unapimwa kwa mshahara wa mama peke yake. Mama anapata laki nne, anajiuliza, nikimpa dada laki na nusu mimi naenda kazini kufanya nini? Swali lake lina haki akiwa peke yake. Halina haki kabisa kama kuna watu wawili wanaoingiza pesa na mtoto ni wa wote wawili. Baba anaweza kwenda kazini bila wasiwasi, na jioni akapita kwa wenzake kuangalia mpira, kwa sababu yuko mtu nyumbani na mtoto. Na yeye anatumia kazi ya dada. Alipe.

Ningeanzia hapo kabla ya kwenda bungeni kudai sheria mpya.

Na kama mkikaa wote wawili mkapiga hesabu na bado pesa haitoshi, basi pesa ikishindwa kupanda, saa zishuke. Mchukueni kwa saa mnazoweza kulipa. Jumapili iwe yake nzima, saa 24, kama sheria inavyotaka, na siyo "Jumapili ukimaliza kufua." Jioni bosi akifika, dada aachwe. Hapa ndipo watu wengi wanaomlipa vizuri wanapoteleza: mshahara mnono, lakini saa 4 usiku bado anaitwa, "dada, niletee maji."

Umri nitaupitia kwa haraka, ingawa ungestahili kipindi kizima. Chini ya miaka 14 hakuna ajira, hata kama mjomba wake ndiye aliyemleta na hata kama "kwao hali mbaya." Kuanzia 14 mpaka kabla ya 18 ni kazi nyepesi tu, isiyomzuia shule. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Sasa binti wa miaka 15 anayelazwa chumba kimoja na mtoto mchanga ili yeye ndiye aamke saa 8 za usiku kutengeneza maziwa, tumwite nani? Na wewe umewahi kuamka saa 8 za usiku kwa ajili ya mtoto. Unajua hiyo ni kazi au si kazi.

Likizo: siku 28 kwa mwaka, zenye malipo. Wengi wetu tunampa dada wiki mbili za Desemba, bila mshahara, na tunamnyima nauli ya kurudia ili tumwone kama atarudi. Ugonjwa: ana haki ya siku za kuumwa kwa mshahara, na akienda kupumzika kwao hajafukuzwa. Na akiumia akipika kwako, dawa ni juu yako, usiiandike kwenye daftari lile nililolisema.

Kuhusu mkataba, watu wanaogopa neno. Wanaona mawakili na mihuri. Karatasi moja ya daftari inatosha: majina, kazi zenyewe, saa, siku ya mapumziko, kiasi, tarehe ya kulipwa, sahihi mbili, nakala mbili. Kama dada hasomi vizuri, asomewe mbele ya mtu anayemwamini yeye, mtu wake. Na kuna kifungu katika sheria ya ajira ambacho ningependa mabosi wakijue, kwa faida yao. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akakosa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia mwajiri. Dada akisema tulikubaliana laki mbili, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha kuwa hamkukubaliana hivyo. Karatasi hiyo inakulinda wewe kabla ya kumlinda yeye.

Na dada anayesikiliza hapo jikoni, nawe sikia. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kwa kuonewa una siku 30 za kupeleka shauri lako. Madai mengine kama mshahara ulioshikiliwa, siku 60. Usikae kijijini mwaka mzima ukitegemea bosi atatuma. Kipo chama cha wafanyakazi, CHODAWU, ambacho wafanyakazi wa majumbani ni watu wake. Mwanza lipo shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani. Walio Zanzibar wana sheria yao ya ajira, ya mwaka 2005, basi waulize kwa kufuata hiyo. Na ndugu zetu mnaotusikiliza upande wa Kenya, kwenu yaya wa Nairobi aliwekewa kima cha zaidi ya Sh 16,000 za Kenya kuanzia Novemba 2024. Kwa pesa zetu ni kama laki tatu. Najua, na nyie mnajua, ni nyumba ngapi Eastlands zinazolipa hiyo.

Kabla sijaachia, nikumbushe jambo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Mambo yaliyomo mnayajua: pasipoti imeshikwa na bosi, simu imechukuliwa, mshahara umecheleweshwa au haukulipwa, na anayetaka kuondoka anaambiwa kwanza arudishe gharama zilizomleta. Tulikasirika hapa. Kwenye vijiwe, kwenye daladala, kwenye redio hii hii. Tulisema wale ni watu gani wasio na utu? Na kila moja ya mambo hayo manne utalikuta Dar es Salaam, kwa kipimo kidogo na kwa lugha ya upole. Kitambulisho cha dada nimekitunza mimi kisipotee. Simu atapewa jioni. Hela nimemwekea. Akitaka kwenda, arudishe nauli.

Kitu kimoja nilichokisikia kwa mabosi wengi, wanaume kwa wanawake, wanakisema mwishoni kabisa, baada ya sababu nyingine zote kwisha. Nikimpa hela zake kila mwezi, ataondoka. Mara hii ni ukweli mtupu, nimeshukuru kuusikia. Mshahara uliowekwa ni kamba. Ila sijaona kama kamba hiyo inafunga. Dada aliyewekewa miezi minane anaondoka vilevile, alfajiri, bila kuaga, mtoto kalala, mlango umerudishiwa tu. Aliyelipwa naye huondoka, watu huolewa, hupata kazi nyingine, hurudi shule. Sheria imeweka notisi kwa wanaolipwa kwa mwezi, siku 28. Huyu wa pili ana sababu ya kukupa hizo siku 28, maana anajua mwisho wake kuna bahasha. Na mara nyingi anakuletea mdogo wake.

Kama wewe una hela uliyomwekea mpaka sasa, na mwezi huu huwezi kuitoa yote, basi leo kaa naye chini. Mwambie ni kiasi gani unadaiwa. Mwandikie. Mkubaliane utalipa kwa mafungu mangapi, mtie sahihi wote wawili. Huo ni mkopo, ulikopa, na wakopaji huandika.

Naona fundi mitambo ananionyesha vidole, simu zimeshaanza kuwaka. Leo naomba tuanze na kina dada wenyewe. Mabosi mtapata zamu yenu baada ya taarifa ya habari. Kama uko nyumbani na dada yupo, mpe simu yako kama hana yake, mchukue mtoto uende naye uani. Na tafadhali, usisimame dirishani.